Paa la Maskati na Kodi Isiyokuwepo

Tarehe 26 Juni 2018, Quriyat ilipitisha saa 24 kamili bila ya joto kushuka chini ya nyuzi 42.6 za Selsiasi. Hiyo si hesabu ya mchana. Ni kiwango cha chini kabisa cha siku, cha ile saa ambayo mtu yeyote wa pwani hutarajia kijiupepo. Waandishi wa habari za hali ya hewa duniani waliandika kwamba huenda hakuna mji mwingine uliowahi kupimwa ukiwa na kiwango cha chini kilicho juu kiasi hicho. Quriyat ni mji wa wavuvi, umo ndani ya Mkoa wa Maskati, na siku ile wakazi wake hawakuwa na la kufanya isipokuwa kuviacha viyoyozi vingurume mpaka kesho yake.

Viliweza kunguruma kwa sababu umeme ulikuwa rahisi mno. Wakati ule mwenye nyumba alilipa baisa 10 kwa kila uniti, yaani kilowati moja kwa saa moja, kwa uniti 3,000 za mwanzo za mwezi. Riali moja ina baisa 1,000. Kwa hiyo uniti 3,000, ambazo nyumba nyingi za Unguja haziwezi kuzimaliza kwa mwaka, Maskati zilikuwa bili ya riali 30. Zikizidi hapo bei ilipanda kwa ngazi: 15, kisha 20, kisha 25, na 30 kwa anayevuka uniti 10,000. Gharama ya kuufua umeme huo, kuusafirisha na kuufikisha kwenye mita ilikuwa juu ya bei aliyotozwa mteja wa kawaida, na tofauti ikabebwa na hazina ya serikali.

Na karibu umeme wote wa Omani wakati huo ulifuliwa kwa gesi asilia, gesi ile ile ambayo tangu mwaka 2000 inasindikwa Qalhat, karibu na Sur, na kupakiwa melini kwenda kuuzwa Asia. Uniti inayopotea kwa mlango usioshika vizuri ni gesi iliyochomwa Barka au Sohar, ikakosa mnunuzi.

Serikali nyingi zikitaka raia wapunguze matumizi ya namna hii hukimbilia kodi. Ziba paa lako lisipitishe joto, badilisha madirisha, nunua mashine isiyokula sana, halafu leta risiti tukupunguzie unachodaiwa. Fikra hiyo imezunguka dunia, na sasa hivi watu wa Maskati nao wanaanza kuizungumza, hasa baada ya Amri ya Sultani namba 56 ya 2025, ile ya kodi ya mapato. Kabla ya kuishangilia, tuitazame nyumba yenyewe.

Anayetaka kulijua tatizo na aingie bafuni mwezi wa Juni. Akifungua bomba la maji ya baridi, yatatoka ya moto wa kuunguza, kwa sababu tangi liko juu ya paa na limeshinda juani. Wenyeji wanajua dawa yake: ikifika Mei wanaizima hita ya bafuni, na maji yaliyolala ndani ya hita, chini ya dari, yakipoa ndiyo yanakuwa maji ya baridi ya kuogea. Mabomba yanageuka kazi, la bluu ndilo la moto na jekundu ndilo la nafuu. Mgeni akioga siku ya kwanza bila ya kuambiwa hupiga ukelele, na watoto wa nyumba hucheka.

Sasa, lile jua linalochemsha tangi linapiga pia zege la paa. Nyumba za Mabela, Al Khoudh na Amerat, zile za ghorofa mbili zenye ukuta wa uwanja na geti la chuma, nyingi zimejengwa kwa bloku za saruji na paa la zege lililolala sawasawa kama sinia. Manispaa ya Maskati ina amri yake ya ujenzi, namba 23 ya 1992, inayosimamia mpaka sura na rangi za majengo, na ndiyo maana mji wote ni mweupe au wa rangi ya mchanga. Rangi nyeupe inasaidia kwa kweli, hulirudisha jua lilikotoka. Lakini paa, ambalo halionwi na mpita njia, mara nyingi limebaki na kijivu chake cha saruji na vumbi la miaka.

Zege hilo linameza joto tangu asubuhi. Halilitoi mara moja. Linalishusha chumbani pole pole, na wakati linapolishusha kwa nguvu ni usiku, watu wamekwisha kufunga milango ya vyumba vya kulala na kila chumba kina kiyoyozi chake. Waliopanga bei ya jumla ya umeme wa Omani wanalijua hilo vizuri. Katika jedwali lao kuna awamu mbili za mzigo mkubwa. Ya kwanza kila mtu angeikisia: kutoka saa saba mchana hadi saa kumi na moja. Ya pili ni kutoka saa nne usiku hadi saa tisa usiku. Hiyo ya pili haina kiwanda wala ofisi ndani yake. Ni ya watu waliolala.

Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu mazungumzo ya nishati siku hizi yametekwa na paneli za sola. Omani imepiga hatua huko: mtambo wa Ibri 2 wa megawati 500 ulizinduliwa Januari 2022, na miwili ya Manah, kila mmoja wa ukubwa kama huo, imeingia kazini 2025. Ni kazi ya kupongezwa, na serikali imeahidi kufika mwaka 2050 ikiwa haiongezi tena hewa ya ukaa. Lakini jua la Manah haliwaki saa sita ya usiku. Mzigo wa vyumba vya kulala hautapunguzwa na paneli zisizokuwa na betri. Utapunguzwa na paa lisilomeza joto mchana.

Wazee walikuwa na njia zao. Maskati na Matrah za zamani watu walipandisha mikeka juu ya paa wakalala huko, na wenye uwezo walihama msimu wa tende wakaenda mashambani, pwani ya Batina au ndani, wakakaa chini ya mitende mpaka joto livunjike. Waliorudi kutoka Unguja na Pemba baada ya 1964, na wale wengi zaidi waliofuata baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970, walikuwa wamezoea nyumba za Mji Mkongwe: kuta nene za mawe na chokaa, dari za juu, ua wa kati unaovuta hewa. Wakaikuta nchi iliyokuwa na kilomita chache tu za lami, na ndani ya miaka kama 15 ikajengwa upya kwa saruji. Kiyoyozi na bloku viliingia pamoja, na kwa kuwa kiyoyozi kilikuwapo, hakuna aliyeona haja ya kulipia unene wa ukuta. Siwalaumu. Kwa baisa 10 hata mimi nisingelipia.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme mwenye nyumba anataka kuweka tabaka la kuzuia joto juu ya paa lake, na fundi amemwambia riali 600. Tuseme kazi hiyo itamwokolea uniti 600 kila mwezi kwa miezi sita ya joto, yaani uniti 3,600 kwa mwaka. Kwa baisa 10 ameokoa riali 36. Itamchukua karibu miaka 17 kurudisha fedha zake, na kabla ya hapo mtoto aliyekuwa chekechea ameoa. Sasa bei ya uniti iwe baisa 25: anaokoa riali 90 kwa mwaka, na fedha zinarudi chini ya miaka saba. Fundi ni yule yule na paa ni lile lile. Kilichobadilika ni bei tu.

Tuongeze na msamaha wa kodi katika hesabu hiyo. Kodi ya Ongezeko la Thamani, VAT, ilianza Omani tarehe 16 Aprili 2021 kwa asilimia 5. Ukimsamehe mwenye nyumba VAT ya kazi yake ya riali 600, umempa riali 30. Ni kitu, lakini mtu hapandishi mafundi juu ya paa kwa ajili ya riali 30.

Na kodi ya mapato? Hapo ndipo Maskati inapotofautiana na miji ambako fikra hii ilizaliwa. Mfanyakazi wa Maskati, raia au mgeni, mpaka leo mshahara wake haukatwi kodi ya mapato hata baisa. Huwezi kumpunguzia mtu deni asilokuwa nalo. Amri ya 2025 ndiyo iliyofungua mlango: kuanzia Januari 2028, Omani itakuwa nchi ya mwanzo katika zile sita za Ghuba kutoza kodi ya mapato ya mtu binafsi, asilimia 5 ya kile kinachozidi riali 42,000 kwa mwaka. Serikali yenyewe imesema kwamba karibu asilimia 99 ya wakazi hawatafikiwa. Ndani ya sheria kuna makato yanayoruhusiwa, ya elimu, matibabu, zaka, sadaka na nyumba ya kuishi, na hilo la nyumba ya kuishi limewapa watu matumaini kwamba paa na kiyoyozi navyo vitaingizwa.

Tufanye vimeingizwa. Atakayefaidika ni nani? Ni mwenye kipato cha zaidi ya riali 42,000, anayeishi Madinat Qaboos au Shatti al Qurum, ambaye nyumba yake ina viyoyozi vya kisasa tangu zamani. Mjane wa Mabela anayeishi kwa pensheni, kiyoyozi chake cha dirishani kikitetemesha kioo usiku kucha, hapati kitu. Halipi kodi, kwa hiyo hana cha kukatiwa. Nafuu ya kodi ya mapato kwa Maskati itakuwa zawadi kwa asilimia moja ya watu, na ni ile asilimia isiyotishwa na bili.

Marekani, ambako watu wengi zaidi hulipa kodi hiyo, tatizo hili lilionekana pia. Sheria ya 2022 ilimruhusu mwenye nyumba kurejeshewa asilimia 30 ya gharama za kuziba nyumba yake, hadi dola 1,200 kwa mwaka, na hadi dola 2,000 kwa pampu ya joto. Lakini nafuu ile haikuweza kuzidi kodi anayodaiwa, kwa hiyo asiyedaiwa hakurejeshewa senti. Halafu ikaja sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025, nayo ikaifuta nafuu hiyo kuanzia mwisho wa mwaka ule ule. Wenye majengo ya biashara nao wamekuwa na kifungu chao tangu 2005, lakini sheria hiyo imekiondoa kwa majengo yanayoanza kujengwa baada ya Juni 2026. Mtu aliyepanga kubadilisha madirisha yake mwaka 2026 amebaki na makadirio ya fundi mkononi.

Italia ilikosea kwa upande wa pili. Mwaka 2020, uchumi ukiwa umelala kwa korona, serikali ilitangaza kwamba anayeikarabati nyumba yake ipunguze upotevu wa nishati atarejeshewa asilimia 110, yaani gharama yote na kitu juu yake. Na haki hiyo aliweza kuiuza kwa benki au kwa mkandarasi. Hakuna aliyeuliza bei tena. Kwa nini uulize, ikiwa analipa mwingine? Majukwaa ya mafundi yakaijaza miji, bei za vifaa zikaruka, udanganyifu ukaingia, na gharama kwa serikali ikapita euro bilioni 100. Mawaziri wa fedha wa Ulaya huitaja Italia kwa sauti ile ambayo mama hutumia kumtaja kijana wa jirani aliyeuza shamba la baba yake.

Uingereza imechagua njia ya kimya kimya: tangu Aprili 2022 mpaka Machi 2027 vifaa vya kuzuia upotevu wa joto na paneli za sola vinavyofungwa majumbani vinatozwa VAT ya sifuri. Kenya nayo ilikuwa imesamehe VAT vifaa vya sola, ikairudisha mwaka 2020, ikaiondoa tena 2021. Muagizaji wa Nairobi aliyekuwa na kontena baharini wakati huo anajua vipi sheria ya fedha inaweza kubadilisha bei ya mzigo ambao haujafika bandarini. Lakini Kenya ina jambo jingine ambalo halizungumzwi sana, na kwangu mimi lina thamani zaidi: kanuni za 2012 zilizomtaka mwenye jengo au kiwanda kinachotumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka akaguliwe matumizi yake kila miaka mitatu. Ukaguzi si nafuu ya kodi, ila bila yake nafuu yoyote inatolewa gizani.

Kwa majengo ya biashara, Omani ilianza na bei. Kabla ya 2017 duka au ofisi ililipa baisa 20 kwa uniti, asubuhi kama mchana, Januari kama Julai. Januari 2017 wateja wakubwa, wale wanaotumia zaidi ya uniti 150,000 kwa mwaka, wakaondolewa kwenye ruzuku na kuwekewa bei inayofuata gharama. Walikuwa kama elfu kumi: wizara, hoteli, viwanda, maduka makubwa. Baadaye kiwango kikashushwa hadi uniti 100,000. Mchana wa siku za kazi kuanzia Mei hadi Julai, bei yao iliruka zaidi ya mara tatu ya ile 20 ya zamani.

Bei ya namna hiyo inamfundisha meneja wa jengo saa. Anajua kwamba ubaridi wa saa tano asubuhi ni rahisi kuliko wa saa nane mchana, kwa hiyo analipoza jengo mapema, kisha anaziachia mashine zipumue. Anajua mlango wa mbele unaokaa wazi ili wateja wauone unamgharimu kiasi gani kwa saa. Anaita wahandisi wapime mitambo ambayo zamani iliitiwa fundi siku inapozimika tu.

Lakini hapa sheria ya kodi inamvuta mkono upande wa pili, na sidhani kama kuna aliyekusudia. Kampuni ya Omani hulipa asilimia 15 ya faida yake. Bili ya umeme ni gharama ya biashara, inakatwa yote mwaka ule ule kabla ya faida kuhesabiwa. Mtambo mpya wa kupoza, au tabaka la kuzuia joto la paa zima, ni mali ya kudumu. Unakatwa kidogo kidogo kwa miaka. Aliyetupa riali elfu kumi kwa bili anazikata zote leo. Aliyeziweka elfu kumi hizo kwenye mtambo ili bili ipungue anasubiri. Hapa ndipo nafuu ya kodi ingefaa kweli Maskati: kumruhusu mwenye jengo akate gharama yote ya uboreshaji ndani ya mwaka mmoja, kwa sharti kwamba jengo limekaguliwa kabla na baada, na uniti zilizopungua zimeonekana kwenye mita. Serikali haipotezi kodi hiyo moja kwa moja, inaichelewesha tu, na gesi inayobaki inauzwa. Wizara ya fedha inaweza kulitekeleza bila ya kuanzisha idara mpya.

Kwa nyumba za kupanga jambo ni gumu zaidi. Katika majengo ya Ruwi, Al Khuwair na Ghubra, anayenunua kiyoyozi ni mwenye nyumba, anayelipa bili ni mpangaji. Viyoyozi vinavyouzwa siku hizi vina lebo ya matumizi, lakini mwenye nyumba dukani anatazama bei, na kwa nini asitazame bei? Chenye inveta kitamzidishia gharama yeye na kumpunguzia mtu mwingine. Mpangaji naye hawezi kuziba paa la watu. Anachoweza ni kuita mafundi, wengi wao kutoka Kerala au Bangladesh, wanaokuja Aprili na pampu ya maji na turubai, wakakiosha kiyoyozi tope jeusi likitiririka kwenye ndoo, na kwa wiki chache kikapoza kama kipya. Kazi hiyo ya riali chache labda inaokoa umeme mwingi kuliko hotuba zote.

Mkataba wa pango lakini husajiliwa manispaa, na mwenye nyumba hulipia asilimia chache ya pango la mwaka. Hiyo ndiyo kodi pekee ya nyumba ambayo karibu kila mwenye jengo la kupangisha Maskati huilipa kwa mkono wake. Ikipunguzwa kwa jengo lenye paa lililozibwa na viyoyozi vyenye daraja la juu, fedha zinamfikia yule hasa anayeamua. Sijaona mtu aliyelipendekeza. Nalipendekeza mimi, kwa kuwa gazeti halitozi ada ya kupendekeza.

Kuhusu umeme wa nyumba, mwaka 2021 serikali ilianza kupandisha bei, kama sehemu ya mpango wa kuirudishia hazina mizani baada ya bei ya mafuta kuanguka. Raia waliwekewa bei ya chini kwa akaunti zao mbili za mwanzo. Wengine wakalipa zaidi. Mpango ulikuwa kuondoa ruzuku mpaka 2025. Malalamiko yakawa mengi, hasa bili za kiangazi zilipotoka, na mwisho wa mwaka ule ule muda ukaongezwa kuwa miaka kumi. Ngazi ya kwanza ya raia ikapanuliwa hadi uniti 4,000 kwa mwezi, na miezi ya joto ikapewa punguzo lake. Naelewa kwa nini. Watu wamejenga nyumba zao kwa kuamini bei ya zamani, na huwezi kumwadhibu mtu kwa zege lililomwagwa 1995. Lakini ngazi pana kiasi hicho ina maana kwamba familia nyingi zinaweza kupita mwaka bila ya kuhisi tofauti kati ya kiyoyozi kizuri na kibovu. Ruzuku hiyo inamlipa mtu kwa uniti alizotumia. Asiyetumia hapati.

Ndiyo maana mpango wa Sahim ulikwama mwanzoni. Ulizinduliwa 2017 na mamlaka ya kudhibiti umeme: funga paneli juu ya paa kwa fedha zako, tutakuwekea mita ya kwenda na kurudi, tutanunua ziada. Vifaa vilikuwapo, kanuni zilikuwapo. Ila nani atatoa mamia ya riali ili aokoe umeme wa baisa 10? Awamu ya pili ilibuniwa ili gharama isibaki kwa mwenye nyumba peke yake, paneli ndogo za kilowati tatu au nne kwa nyumba moja. Funzo lilikuwa limekwisha kuonekana, nalo liko kwenye karatasi za serikali yenyewe tangu wataalamu wa Japani, chini ya shirika la JICA, walipoandika mwaka 2013 mpango wa kuokoa nishati katika umeme wa Omani na kuvinyooshea kidole viyoyozi.

Umeme ukikatika ndipo kila mtu anapokuwa mtaalamu. Tarehe 5 Septemba 2022 Maskati na mikoa kadhaa ilizimika kwa saa kadhaa mchana, taa za barabarani zikafa, madereva wakajipangia wenyewe kwenye makutano, na watu wakakaa ndani ya magari yao ili wapate ubaridi. Wazanzibari wa Al Khoudh walio na ndugu Unguja walitabasamu kidogo. Unguja ilikaa miezi mitatu bila umeme, kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa baharini ulipokufa, na nyumba za mawe za Mji Mkongwe ziliendelea kukalika. Nyumba ya bloku ya Mabela, umeme ukikatika mwezi wa Julai, baada ya saa mbili haikaliki.

Basi kama serikali ingeniuliza niweke wapi riali moja ya ziada, ningeiweka katika ile ile ruzuku ambayo tayari inalipa, lakini ningeigeuza mwelekeo. Familia inayopewa punguzo la bili ichague: ipokee punguzo kila kiangazi, au ipokee punguzo la miaka mitano kwa mkupuo mmoja, ndani ya paa lililozibwa na kiyoyozi kilichobadilishwa, fundi akilipwa na kampuni ya umeme na marejesho yakikatwa kwenye bili inayopungua. Hapo yule mjane anaingia, bila ya kujaza fomu yoyote ya kodi. VAT ya vifaa hivyo isamehewe pia, kwa kuwa ni rahisi kusamehe, ingawa peke yake haitamshawishi mtu. Kodi ya mapato ya 2028 iachwe ifanye kazi yake ya kukusanya fedha.

Ujuzi upo. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Baraza la Utafiti la Omani lilivishindanisha vyuo vijenge nyumba zinazojitosheleza kwa nishati, na Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, Nizwa, Dhofar, chuo cha ufundi cha Maskati na GUtech ya Halban kila kimoja kilijenga yake, kwa jua hili hili.  Nyumba hizo hazijawa mtaa.

Na mitaa inajengwa sasa. Mwaka 2023 ulizinduliwa huko Seeb mji wa Sultan Haitham, ambao ukikamilika utakuwa na vitongoji 19, nyumba 20,000 na watu 100,000. Kuziba paa wakati zege linamwagwa ni kazi ya siku chache na sehemu ndogo ya gharama ya nyumba. Kulirudia baadaye ni kuhamisha tangi, kung'oa mabomba na kuita mafundi upya. Kodi ya mapato itaanza Januari 2028. Paa nyingi za Seeb zitakuwa zimekwisha kumwagwa kabla ya hapo.